Kadi Ulizozisoma Upande Mmoja

Nyumbani kwa Baba,
S.L.P. 418.
9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zetu. Natumaini wewe, wifi na watoto mko wazima. Sisi hatujambo, ila macho ya Baba yamekwisha. Namsomea mimi kila kitu, hata maandishi ya kwenye chupa za dawa.

Makala yako ya kwenye jarida imefika. Baba alivaa koti, akakaa mezani kama anayengoja wageni, nikamsomea yote: neno "mwanachuoni" lilikotoka, na maana zake. Kaka, hizo ni kadi zake. Miaka thelathini amezunguka akiuliza watu maneno na kuyaandika humo, nawe likizo ile ukazipiga picha, ukasema unamhifadhia. Jina lake nimelitafuta mara mbili, halimo hata kwenye shukrani. Wifi umemshukuru kwa chai.

Lakini hilo silo lililomuuma. Umeandika kwamba chuo kwanza kilikuwa jengo la kusomea, ndipo kitabu nacho kikaitwa chuo. Baba akasema, "Soma na nyuma."

Nikamwambia makala haina nyuma, nikaenda kuitoa kadi yenyewe. Unajua desturi yake: mbele maana, nyuma jina la aliyemfundisha, pamoja na masahihisho. Nyuma ya kadi hiyo kuna wino mwekundu: "Nimekosea. Chuo ni kitabu kwanza, jengo baadaye. Mwanachuoni ni mtu wa kitabu. Nimesahihishwa na fundi wa kujalidi vitabu."

Wewe ulipiga picha mbele tu. Nyuma uliona majina ya watu wa mtaani, ukadhani hayana faida. Umeiba mpaka kosa la mzee. Nina hasira nawe, sifichi.

Waandikie wenye jarida. Rekebisha, uwataje Baba na yule fundi, wakati Baba bado anasikia akisomewa.

Shangazi anakusalimu. Jirani yetu Mzee Gazeti naye anakusifu mtaa mzima, na sina moyo wa kumkatisha. Mungu akulinde, akupe na ujasiri wa kukiri.

Jana Baba alinitajia kadi mpya, ya neno "msomi". Maana niliiandika mbele. Nikamuuliza nyuma niandike jina la nani, lako? Akasema, "Acha wazi kwanza. Atajibu."

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata kwa hasira hii.