Kitabu cha Makosa cha Kule Juu

Jumatatu, 6 Januari 1997

Shangazi Enid kagoma. Nyonga yake imekwisha, daktari kasema, na kitanda kimepatikana kwa ajili ya upasuaji – Jumatatu ya tarehe 20, baada ya kungoja miezi kumi na minne. Akikiacha anarudi mkiani mwa foleni. Ana miaka themanini na minne. Mwaka ujao atakuwa hasimami tena, na anajua. Kanisikiliza mpaka mwisho, kanimiminia chai, kisha kasema yeye Kule Juu haendi.

Kule Juu ni hospitali siku hizi. Maua getini, mashine za kila aina. Lakini wazee wote wa Harrowick wanajua kuta zile zilijengwa kwa ajili ya nini: Nyumba ya Maskini. Aliyekosa chakula alipelekwa huko, akafanya kazi apate mkate. Bibi yangu Hester, mama yake Shangazi, aliingizwa akiwa na miaka saba. Mpaka anaingia kaburini alisema jambo moja tu kuhusu siku ile – kwamba mama yake alimwachia mkono mlangoni, akaenda zake bila kugeuka.

"Mama yangu alitupwa pale kama paka," Shangazi kaniambia. "Na wewe ndiye uliyeniletea ushahidi, Clifford. Sasa unanibembeleza nini?"

Kweli tupu. Ni mimi. Miaka miwili iliyopita, nimestaafu posta, sina la kufanya, nikajiingiza ofisi ya kumbukumbu na kulikuta jina la Bibi katika kitabu cha wanaoingia: Hester Garside, miaka 7, tarehe 3 Novemba 1895. Peke yake. Juu yake mtoto wa watu, chini yake mtoto wa watu. Nikakimbilia kwa Shangazi na nakala mkononi, najiona mtafiti. Mjinga mkubwa!

Jumanne, 7 Januari

Mvua yenye barafu ndani yake. Basi limechelewa. Nimefika ofisi ya kumbukumbu soksi zimelowa, sijui hata natafuta nini. Chochote cha kumlainisha Shangazi.

Bi Thackray, mtunza nyaraka, kaninyang'anya kalamu ya wino kama kawaida – humu ndani ni penseli tu. Nikamweleza habari yote. Akauliza kama nimeshatazama kitabu cha wanawake. Nikamwambia cha nini, mtoto aliingia peke yake. Akanitazama vile nilivyokuwa nikiwatazama watu wanaotuma barua bila stempu.

Kumbe hakuna aliyeandikwa na watu wake! Mlangoni pale walitenganishwa. Wanaume huku, wanawake kule, wavulana kwao, wasichana kwao. Kila kundi na mlango wake, ua wake, kitabu chake. "Umesoma kitabu cha wasichana," kasema, "halafu ukashangaa hakina akina mama?"

Kaleta cha wanawake. Dakika kumi hazikupita. Selina Garside, mjane, miaka 29, msokota sufu. Tarehe 3 Novemba 1895.

Siku ile ile! Mwandiko ule ule! Hakwenda popote. Alipitishwa mlango wa pili, basi. Nimeunakili mstari ule mara mbili kwa penseli, mtu mzima wa miaka sitini na tatu.

Jumatano, 8 Januari

Nimemwambia Shangazi. Nilidhani ataruka. Kamenya viazi vyake hadi cha mwisho, kisha kauliza Bibi alikaa Kule Juu muda gani. Miezi tisa, nikasema, mpaka alipopelekwa kulelewa shambani kwa watu. Kauliza kama katika miezi hiyo tisa mama yake alikuwa ndani ya jengo hilo hilo. Nikasema ndiyo.

"Basi umezidi kuniharibia," kasema. "Miezi tisa, ukuta mmoja tu katikati, na hakwenda kumtazama mwanawe hata mara moja. Afadhali angekuwa amekimbia."

Nimerudi nyumbani kwa miguu.

Alhamisi, 9 Januari

Bi Thackray kapiga simu. Kuna kitabu kingine – cha makosa na adhabu. Vitabu vya namna hiyo hufungiwa miaka mia, waliotajwa wasiaibishwe wakiwa hai. Hiki ukurasa wake wa mwisho ni wa Desemba 1896. Maana yake kimefunguliwa mwaka huu, wiki iliyopita tu, na hakuna aliyekigusa! Kiko ghalani, kitaletwa Jumanne.

Ila kanionya. Wanaowakuta ndugu zao mle hawarudi nyumbani wanacheka. Walevi, wapigana ngumi, wezi wa mikate. Kama Selina yumo, nijiandae.

Jumanne, 14 Januari

YUMO.

Yumo mara kumi na moja!

Nilipoliona jina lake mara ya kwanza nilitaka kukifunga kitabu. Nikawaza, haya, mlevi, sasa Shangazi hatatoka nyumbani kabisa. Nikasoma. Tarehe 10 Novemba, wiki moja tu baada ya kuingia: Garside, Selina, wa chumba cha kufulia. Kosa: kukutwa katika ua wa wasichana bila ruhusa. Adhabu: kunyimwa chai na jibini siku mbili.

Tarehe 17 Novemba, kosa lile lile.

Tarehe 2 Desemba, kukutwa juu ya pipa la maji akichungulia ua wa wasichana. Pipa la maji!

Februari kaacha nguo kwenye maji ya moto, kapenya hadi darasani. Hester hakuwamo, walikuwa wamemlaza kwa surua. Selina kafungiwa chumba cha peke yake kutwa nzima. Machi, kosa lile lile, na nyongeza: alipoonywa na mkuu wa nyumba, alijibu kwamba atarudi. Na kweli karudi! Siku nne baadaye! Karani kachoka kuandika, mwandiko umelala, kuanzia hapo anaweka tu "kama kawaida yake".

Hakuna ulevi. Hakuna ngumi. Hakuna mkate wa mtu. Kosa ni moja tu, mara kumi na moja, na kila mara alidakwa kabla hajamfikia mtoto. Ndiyo maana Bibi hakujua. Alikufa hajui.

Nilipiga meza. Bi Thackray kanikemea kwa kidole, kisha kaja mwenyewe kusoma begani kwangu, na nikamsikia anavuta makamasi. Nimemwona! Miaka miwili nikisoma majina kama orodha ya sokoni, leo nimemwona mama yake Bibi juu ya pipa.

La mwisho nitaliandika kwa sababu halinitoki kichwani. Tarehe 21 Agosti 1896. Hester alikuwa ameshapelekwa shambani tangu tarehe 19. Selina hakuambiwa. Kakutwa ua wa wasichana, akiwauliza watoto mmoja mmoja.

Mwezi uliofuata kaomba kutoka. Baada ya hapo hayumo katika kitabu chochote.

Jumatano, 15 Januari

Nimemsomea Shangazi, kwenye kiti chake, moto unawaka. Nimesoma taratibu. Nilipofika kwenye pipa kanisimamisha, kataka nirudie, kacheka mpaka kakohoa – kwa sketi zile za wakati ule, mwanamke mzima! Kwenye "atarudi" kanifanya nisome mara tatu. Kwenye Agosti kavua miwani. Sikumtazama. Nimekwenda kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyataka.

Niliporudi kasema kwa sauti ya kawaida kwamba mama yake alikuwa na desturi, hata uzeeni, ya kuamka na kukaa upande wa kitanda akiuliza yeye alifanya kosa gani. Miaka yote hiyo walidhani ni ndoto.

Kisha kauliza ule ua kama bado upo.

Nimepiga simu hospitali. Upo. Nyuma ya chumba cha mazoezi ya viungo, wanaweka vitanda vibovu, wagonjwa hawaruhusiwi. Nikamrudia na jibu. Kaitikia kwa kichwa, kaniagiza nimshushie sanduku lake la safari kutoka juu ya kabati.

Nimelishusha haraka, asije akabadili mawazo.

Jumapili, 19 Januari

Kanisani kamwambia kila mtu kwamba kesho anakwenda Kule Juu. Mzee mmoja kamshika mkono kama anampa pole ya msiba. Shangazi kamjibu asimlilie yeye, yeye ana watu wake kule.

Jumatatu, 20 Januari

Naandika kwenye benchi ya korido, sina pengine.

Tulifika saa tatu. Kiti cha magurudumu kakikataa. Mapokezi kapita bila kusimama, na kile chuma chake cha kutembelea, tak, tak, mimi nyuma na sanduku. Mlango wa uani una kibao kikubwa chekundu cha kukataza watu. Mfanyakazi mmoja alikuwa ameuzuia kwa tofali usijifunge, anatoa vitanda. Shangazi kamwambia samahani, kapita.

Sista kaja mbio. Kwa adabu kabisa kasema mama, wagonjwa hawaruhusiwi humu, tafadhali rudi. Shangazi kasimama katikati ya ua ule wa mawe, kaegemea chuma chake, anautazama ukuta juu mpaka chini.

"Najua hawaruhusiwi, mwanangu," kasema. "Kama bado mnacho kitabu, niandike. Enid, mjukuu wa Selina Garside. Kosa lile lile."

Sista kanitazama mimi. Mimi nimetazama viatu vyangu, nimeshindwa kuficha tabasamu. Sasa kaenda kumwita mkubwa wake. Nasikia hatua za watu wawili zinakuja. Nimemwambia Shangazi kupitia mlango ulio wazi. Kasema waje tu, yeye bado hajamaliza kutazama.