Furushi la Darini

Miteja, 9 Septemba 1974

Kaka Laurenti,

Shikamoo. Huku kwenye kijiji kipya bado tunalala vibandani, maji yako mbali, na mbuzi wako amezaa mapacha.

Umeuliza tena madaftari ya Baba, yale ya maneno ya Kimatumbi, ukisema wenzako mnaoandika nao kamusi wanayangoja. Usiyaulize tena. Baba aliyafunga kwenye gunia, akayaweka darini juu ya meko, kando ya gunia la mahindi ya mbegu, ili moshi uyakinge na mchwa. Waliokuja kutuhamisha walichoma nyumba tusije tukarudi. Baba akakimbilia ndani, akipiga kelele, "Kazi ya Laurenti imo humo!" Alitoka amekumbatia furushi la gunia, mikono na kifua vimebabuka vyote.

Nililifungua peke yangu. Yalikuwa mahindi.

Sikumwambia. Siku ya tatu, kabla hajakata roho, aliniuliza, "Cecilia, umeshampelekea kaka yako?"

Nikamjibu, "Nimempelekea, Baba."

Ndani ya bahasha hii nimetia punje chache za mahindi hayo. Zipokee, nisije nikawa nimemdanganya.

Mdogo wako,
Cecilia