Wageni Wanaokuja Bila Majina

Jumamosi, Julai 2004, Karatu. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Mikono yangu ni ya baridi, ila nadhani si ukungu peke yake.

Naogopa.

Wiki iliyopita nilimtengenezea mama mdogo fomu ya wageni kwenye tovuti ya kambi yake ya mahema. Mgeni anajaza jina na siku atakayofika, na programu yangu inamtumia mama mdogo barua pepe. Niliijaribu kwa kuandika amri mwenyewe kwenye seva, kompyuta inayoendesha tovuti, barua ikafika. Nikaijaribu kwenye kivinjari, ikaandika, "Ombi lako limepokewa. Karibu sana." Nikaridhika, bila kuangalia kama safari hii barua imefika.

Leo mama mdogo ameniuliza kwa upole mbona msimu umepamba moto na hakuna aliyeomba nafasi.

Nikaandika programu fupi ya kuonyesha vigeu vya mazingira, yaani maelezo ambayo programu hupewa inapoanza kazi kwenye Unix, mfumo wa seva ile. Nilipoiendesha mwenyewe, anwani ya barua pepe ya mama mdogo ilikuwepo. Nilipoifungua kwenye kivinjari, haikuwepo. Nilikuwa nimeiweka kwenye mipangilio ya akaunti yangu, na seva ya tovuti haiisomi. Hainijui mimi ni nani.

Barua zilikuwa haziendi kwa mtu yeyote.

Na lile neno "Karibu" nililiweka mwanzoni mwa programu, kabla ya kutuma barua. Kwetu mgeni hukaribishwa kwanza, maswali baadaye. Kwa hiyo wote wamekaribishwa, na majina yao hayapo popote.

Nimehamishia anwani kwenye mipangilio ya tovuti yenyewe. Sasa barua zinafika. Lakini waliokwisha kujaza huenda wako njiani.

Ilibidi nimwambie. Nilisema nikitazama sakafu.

"Kwa hiyo kuna watu wanakuja kwangu na siwajui?"

"Ndiyo, mama."

Akamwita Baha, mpishi wetu, akamwambia asimamishe mahema yote. Baha akauliza wageni ni wangapi.

"Muulize fundi wetu," mama mdogo akajibu.

Baha akanitazama. "Basi nipike kama kwenye harusi."

Sikuweza kucheka.

Mahema yamesimama, matupu. Kila gari linalopunguza mwendo kwenye barabara ya Ngorongoro linanifanya nichungulie getini. Mama mdogo amesema mimi ndiye nitakayewapokea getini. Mimi, ambaye darasani hata kunyoosha mkono siwezi.

Wa kwanza akishuka, akanitajia jina lake, akasubiri nilitambue, nitamjibu nini?