Huyo Mtu wa Anti Mbithe

Malindi,
Jumapili mchana, mvua bado inanyesha.

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu wewe na Baba, na umpe bibi yangu Susu zake ukiwa umemshika mkono, kwa sababu najua hapendi salamu za kutupiwa kutoka mlangoni. Goti lako limepoa? Yule ng'ombe mwekundu amezaa, au bado mnaamka usiku kumwangalia? Nafikiri mbaazi zimetoa maua sasa na Kasikeu yote inanukia. Mimi ni mzima. Kile kikohozi kilichonishika wakati wa mtihani kimekwisha kabisa, na nimenenepa mashavu hata Anti Mbithe anasema utanipita stesheni ukidhani ni mtoto wa mtu mwingine.

Nimekawia kuandika kwa sababu uliniambia nisifanye haraka. Ulisema, "Angalia kwanza, Katunge. Macho yako yatulie, ndipo uniambie huyo mtu wa Mbithe ni mtu wa namna gani." Basi nimeangalia, na leo nakuambia yote, mazuri na mabaya.

Lakini kwanza hebu nikueleze mahali penyewe, maana nikinyamaza nitapasuka. Hoteli wakati huu wa mvua ni kama shule wakati wa likizo. Viti vimepandishwa juu ya meza, wafanyakazi wengi wamekwenda kwao, na wageni ni wachache sana. Yuko mzee mmoja Mzungu na mke wake ambao huja kila mwaka mvua inapoanza, kwa sababu wanapenda kimya. Wanacheza karata barazani kutwa nzima na hawasemezani mpaka mmoja ashinde. Anti Mbithe ndiye msimamizi wa vyumba na mashuka, na meneja amesema vyumba visipolaliwa vinashika ukungu. Kwa hiyo wafanyakazi waliobaki wameruhusiwa kulaza jamaa zao humo, mradi wafungue madirisha asubuhi na kuanika magodoro jua likichungulia. Mama, hebu fikiria: kazi yangu hapa ni kulala.

Kitanda changu kina chandarua cheupe kama gauni la bibi arusi, na dirisha linatazama bahari. Nilidhani bahari ni ya buluu kama kwenye kalenda ya kanisani. Wakati wa mvua si hivyo. Mto unaleta udongo wa huko bara, na maji yanakuwa ya kahawia kama chai ya maziwa, mawimbi yanapiga kelele, na majani ya baharini yanarundikana ufukweni marefu kama nyasi tunazokatia ng'ombe. Mvua huiona ikija. Inatoka mbali juu ya maji, imesimama kama ukuta, inatembea polepole, na wewe umekaa na kikombe chako unaisubiri. Ikifika, minazi yote inainama upande mmoja. Halafu inapita, jua linatoka, na kaa wadogo wanatoka mashimoni wakikimbia kiubavuubavu. Sijawahi kukaa mahali ambapo mtu anaweza kutazama tu, bila mtu kumwita akachambue maharagwe. Kamba wa baharini nimekataa kula. Mpishi aliniambia ni watamu, lakini walikuwa na macho.

Sasa nije kwenye jambo lako.

Siku ya pili tu, Anti alinikuta nimesimama nyuma ya pazia nachungulia uani. Akacheka.

"Unamtafuta? Hayuko huko, yuko kwenye pampu. Dada amekutuma unichunguzie mtu, si ndiyo?"

Mama, masikio yangu yaliwaka moto. "Hapana, Anti. Nimekuja kupumzika."

"Haya, pumzika. Lakini ukipumzika, fungua macho. Sina la kuficha." Kisha akaketi kitandani, akalainisha shuka ambalo lilikuwa limenyooka tayari, na akaniuliza kwa sauti ndogo, "Lakini Dada hajambo? Tangu Krismasi hajaniletea hata salamu. Ananitaja kweli?"

Nilimwambia unamtaja kwenye sala kila jioni. Hiyo ni kweli. Sikumwambia unasema nini.

Huyo Salimu ni fundi wa maji. Pampu, matangi, mabomba na bwawa la kuogelea vyote viko mikononi mwake, na funguo zake zinalia kiunoni kama kengele ya mbuzi. Siku za kwanza nilimwona mgongo tu, kichwa kikiwa ndani ya mtaro. Ni mfupi, Mama. Anti anampita kwa kichwa kizima. Kila alipopita nilijifanya nakunja mataulo, na aliponisalimu nilijibu nikitazama miguu yake. Niliona viatu vizuri, vimepigwa rangi, lakini moyoni nilikuwa nasema kama unavyosema wewe: mtu wa Pwani, Mwislamu, atatujuaje sisi?

Basi Jumatano nilikuwa kwa dobi pamoja na Bi Mwanahawa, mama mmoja mtu mzima wa hapa Malindi anayepiga pasi vitambaa vya meza. Majengo mengine yote yameezekwa makuti, ila pale kwa dobi ni mabati. Mvua ikaja. Unajua ile sauti ya tone la kwanza juu ya bati, halafu la pili, halafu yote kwa pamoja? Mama, sikufikiri. Mwili wangu uliondoka wenyewe. Nilimwaga vitambaa vya Bi Mwanahawa juu ya meza, nikachukua mabeseni yake na kuyapanga chini ya upenu. Nikaona nafasi imebaki, nikakimbilia jikoni. Nilileta sufuria, bakuli za saladi, hata ile ndoo ya kung'aa wanayopozea mvinyo. (Baba usimwambie kwamba nimeshika ndoo ya mvinyo.)

Bi Mwanahawa alikuwa amesimama na pasi mkononi.

"We mtoto! Wafanyani?"

"Nakinga maji, Bi."

"Maji ya nini?"

"Ya... ya mvua."

"Mabomba yote haya, na bahari ile pale, nawe wakinga mvua! Nani kakwambia maji yatakatika?"

Hapo ndipo nilipoyaona yale mabeseni kama anavyoyaona yeye. Wahudumu wawili walikuwa wametoka jikoni, wanashikana mabega kwa kicheko. "Mkamba ameona mvua!" mmoja akasema. "Jamani, mleteeni na vikombe!" Nilitaka kulia. Nilikuwa nimeinama kuondoa ndoo ile ya mvinyo niliposikia kitu kinabingirika juu ya mawe, gudugudu, gudugudu. Ni Salimu, amejifunika shati kichwani, anasukuma pipa kubwa. Hakunitazama, hakuwatazama wale wa jikoni. Alilisimamisha pipa chini ya mdomo wa mfereji wa bati, likawa linayumba kwa upepo, akapiga kelele:

"Kwata vaa!"

Nikashika pale aliponiambia. Nilikuwa nimeshalikumbatia lile pipa, maji yananiingia shingoni, ndipo nilipogundua kwamba mtu huyu amesema nami Kikamba, na kwamba mimi nimemtii kama ninavyokutii wewe mvua ikianza.

"Lo! Na fundi naye!" Bi Mwanahawa akasema. "Matangi yamejaa, funguo kazitundika kiunoni, na bado agombania mvua!"

"Cheka tu, Bi Mwanahawa," Salimu akamjibu. "Wewe hujawahi kumfuata punda mpaka mtoni, ukachimba mchanga, ukakuta watu thelathini wamekutangulia kwenye kisima."

Mama, kumbe amezaliwa Kitui mjini, nyuma ya soko. Babu yake alikuja na biashara ya nguo akakaa, akaoa Mkamba, na hawakurudi tena Pwani. Huyu Salimu amekua akichota maji kama sisi. Anasema amekaa Malindi miaka mingi, maji yote ya hoteli yanapita mkononi mwake, lakini akisikia bati linalia mikono inamwasha. Kikamba chake ni cha Kitui, kirefu, cha kuvuta maneno, na nitakuambia kitu ambacho Anti hatafurahia: ni kizuri kuliko cha Anti, ambaye siku hizi anachanganya.

Anti alitufikia na mwavuli wakati mvua imekwisha. Akatazama pipa, akatazama bakuli za saladi, akatutazama sisi tulivyolowa. "Mmemaliza kuiaibisha Ukambani?" akauliza. Lakini Mama, alivyomtazama yule mtu! Na kesho yake asubuhi Bi Mwanahawa akaja na birika lake, anasema maji ya bomba yana chumvi, chai haina ladha, tumpe kidogo. Salimu alimjazia huku akipiga mluzi. Vile vitambaa nilivipiga pasi upya mwenyewe.

Mabaya yake ni haya. Anapenda kufundisha kila mtu kila kitu, hata namna ya kumenya chungwa. Akishindwa dama ananuna. Ijumaa jioni yule mzee Mzungu alimshinda mara mbili, naye akasema ubao umepinda. Anakoroma akiwa amekaa. Pombe hanywi, na sijamsikia akimpandishia Anti sauti. Wakibishana, Anti ndiye anayepandisha, kama unavyomjua.

Kuhusu dini, uliniambia niulize na niliona haya siku nyingi. Leo asubuhi tulikwenda kanisani, na Salimu alitusindikiza na mwavuli mkubwa wa hoteli, suruali ameikunja mpaka magotini, akatuacha langoni. Tulipotoka tulimkuta chini ya upenu wa duka, amesinzia kwa kusimama. Njiani, alipotutangulia kidogo, nikajikaza.

"Anti, utabadilisha dini?"

"Hajaniomba. Nami sijamwomba."

"Na watoto?"

Aliruka dimbwi, akanishika mkono nami niruke. "Hapo bado hatujapatana. Mwambie Dada hivyo hivyo. Usinipambie."

Sijampamba, Mama.

Sasa jambo lenyewe. Wanataka kuja kabla mvua haijakatika na hoteli haijajaa tena. Salimu atatoka na wajomba zake wawili wa Kitui, walete mbuzi wa ntheo nyumbani kwa Susu, ili ijulikane kwamba binti wa pale ameposwa kwa heshima. Anaomba kitu kimoja tu: mbuzi wa kuliwa achinjwe na mjomba wake, ili nao waweze kula, na sufuria iwe moja kwa watu wote. Hataki wakae upande na chakula chao kama wageni wa njiani. Na Anti ameweka neno lake pia. Alisema mbele yangu, "Dada asipokuwepo, hao mbuzi wakae Kitui. Siolewi kwa mlango wa nyuma." Salimu hakubisha. Nimeona kwamba kwa jambo hili hata kufundisha hakufundisha.

Jana alasiri tulikuwa barazani, mvua inapiga, wale wazee wanacheza karata zao. Salimu aliweka kikombe chini, akavua kofia, akanigeukia mimi. Mimi, Mama, ambaye mwalimu aliandika kwenye ripoti kwamba sijulikani kama nipo darasani. Akanisemesha kwa Kikamba, kwa heshima, kama mtu anayesema na mzee wa nyumba:

"Wewe ndiye umetumwa na mama yako. Umetuona. Tukifika, atatupokea?"

Anti hakuinua macho. Alikuwa anakoroga chai ambayo sukari ilikuwa imekwisha kuyeyuka zamani.

Nilijua jibu la kweli ni kwamba sijui. Nilijua pia kwamba kama ningesema sijui, Anti angekoroga chai ile mpaka uzeeni. Nikasema, "Atawapokea."

Anti aliinuka akifuta macho, akaingia jikoni, na nikasikia bomba limefunguliwa, likaachwa linamwaga, kwa muda mrefu. Na yule mtu wa maji, Mama, hakwenda kulifunga.

Nimejibu kwa niaba yako bila ruhusa yako, na nimeshindwa kujuta. Nimejaribu leo wakati wa mahubiri.

Mpe salamu Baba, umwambie nasoma zaburi kila asubuhi dirisha likiwa wazi. Msalimie Mjomba Nzioka, ambaye ndiye atashika kiti cha babu siku hiyo, na jambo la kisu cha kuchinja mbuzi umwambie akiwa ameshiba. Msalimie mwalimu wangu wa shule ya Jumapili na wenzangu wa kwaya, waambie sauti imerudi. Susu mwambie kuna mtu huku anaongea Kikamba kama cha mama yake, na anataka kuja kumwamkia.

Ukikubali, mwandikie Anti mwenyewe, hata mstari mmoja. Lakini kama utakataa, nakuomba uniandikie mimi kwanza. Mimi ndiye niliyesema ndiyo, basi niwe mimi wa kuwaambia hapana.

Ni mimi binti yako akupendaye,

Katunge