Springi Ilikuwa Yako, Kaka Wafula

Kaka Wafula,

Naiandika barua hii wazi, isomwe na yeyote, kwa sababu ile ya kwanza ilikufikia ikiwa imefungwa ndani ya bahasha ya wakili. Simu zangu hupokei, na sikulaumu.

Unakumbuka nilivyofika kwenye safu yetu ya mafundi pale Sarang'ombe? Sikujua hata kushika chuma cha kuchomelea. Nilisimama kando ya benchi lako siku tatu nikingoja unifukuze. Siku ya nne ukanitupia miwani bila kugeuka: "Wewe dada, vaa hizo kisha usogee. Hapo unaona mgongo wangu tu." Ndivyo kazi ilivyofundishwa pale kwetu. Mtu akitengeneza kitu kizuri, kesho yake safu nzima inacho, na kesho kutwa kuna mmoja amekiboresha. Macho hayana pazia, ulikuwa ukisema, na hakuna aliyenuna.

Ile mashine ya kukata majani ya sukuma wiki tuliianza kwa sababu ya Mama Rehema, jirani yetu wa mboga, aliyejikata kidole akiwakatia wateja. Mimi nilileta wazo la sanduku lenye kisu na mpini wa kuzungusha. Ikawa inakwama, sukuma inatoka imepondeka. Nikaipiga teke. Wewe ukaiokota, ukaweka springi ya kusukuma majani yafikie kisu, ukanirudishia ukicheka: "Akinyi, hiyo hasira utaila na ugali? Hebu jaribu sasa." Lo! Ilikata nyembamba kama uzi. Mama Rehema alipiga vigelegele mpaka watu wakadhani kuna harusi.

Kisha wakaja wageni wenye kamera kuipiga picha ile mashine, wakanipeleka kwa wakili. Akaniambia mbio za hataza zimepamba moto duniani. Hataza, akanieleza, ni ile karatasi ya serikali inayosema kitu ni changu, na mwingine asikitengeneze bila ruhusa yangu. Huko ng'ambo watu wanasajili hata kona ya simu, hata namna ya kubonyeza kitufe, na nisipoharakisha mtu nisiyemjua ataisajili mashine yangu kabla yangu. Niliogopa, kaka. Akauliza, "Nani aliyebuni?" Nikajibu, "Mimi."

Nasema hapa mbele ya watu: springi ilikuwa yako. Nilidanganya.

Hazikupita siku nyingi baada ya cheti kutoka, kiwanda kimoja kikaanza kuuza mashine ileile, ya plastiki. Nikamkimbilia wakili. Akasema wale wana mawakili ghorofa nzima, kesi itanimaliza, afadhali tuanze na wale tunaowaweza. Kumbe wale tunaowaweza ni nyinyi wa safu yetu! Nikatia sahihi barua za kuwakataza kuitengeneza, bila kusoma majina. Nina hasira na mpango huu mzima, kaka. Mkubwa anapita hivi hivi, jirani ndiye anayenaswa, halafu tunaambiwa eti ni kumlinda mbunifu. Lakini sahihi ilikuwa yangu, hakuna aliyenishika mkono.

Ile barua uliisoma ukiwa umesimama. Nilitarajia matusi, na ningeyapokea. Ulisema tu, "Si ungeniita? Niko hapa kando." Ukapakia vyuma vyako kwenye mkokoteni, ukahamia mtaa wa Kongo, kule Kawangware.

Tangu siku hiyo nikipita, mafundi wanafunika kazi zao kwa gunia. Mazungumzo yanakatika. Nilitaka kitu kiwe changu peke yangu, basi nimekipata, kwa sababu nikitengeneza chochote hakuna anayesimama kuangalia. Chai ya saa nne nakunywa mwenyewe. Nikichomelea kombo hakuna wa kunicheka. Sikujua mtu anaweza kuwa katikati ya kelele za nyundo mchana kutwa na bado awe mpweke hivi. Nakukosa, kaka, hata yale masimango yako.

Nimemwambia wakili aiondoe ile barua na asimwandikie fundi mwingine kamwe. Alinitazama kana kwamba nimerukwa na akili, lakini amekubali.

Jumanne nilikuja Kongo. Nilijibanza nyuma ya akina mama wa mboga, nikaiona mashine yako mpya, ya kukanyaga kwa mguu, mikono yote miwili ikiwa huru kushika majani. Ama kweli wewe ni fundi! Uliniona. Ulishusha miwani ukaendelea kuchomelea, nami sikuondoka. Nilitazama mpaka kila kipande kikakaa kichwani, kisha nikarudi nyumbani kwa miguu.

Nimeitengeneza, Wafula. Nimekuiga waziwazi, bila ruhusa. Ila kanyagio langu linarudi polepole na sijui nimekosea wapi. Ukitaka kunitumia wakili, mtume tu. Lakini ukiweza, njoo mwenyewe.

Dada yako wa benchi la pili,
Akinyi