Sichangii Nyumba ya La Rochelle

Rosettenville, Johannesburg
Alhamisi, 6 Septemba 2018

Kwako Kaka Ameir,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba lile goti lako halikutesi sana na baridi hii isiyotaka kuondoka. Sisi huku hatujambo. Mwanaasha mzima, mtoto ameota jino la pili, na meza yangu ya chaja na makava ya simu pale Marshalltown inakwenda hivyo hivyo, siku nauza, siku narudi na mzigo kama nilivyoutoa. Nimekuuliza hali kwa sababu wazazi wangu walinilea. Usije ukadhani tumepatana.

Nakuandikia kwa mkono kama watu wa zamani kwa kuwa simu yako siiamini tena. Kila ninalokwambia linafika kwenye grupu kabla sijameza mate. Juzi nilikujibu kwamba sina nia ya kuchangia, nikakuomba jambo hilo libaki baina yetu, na haikupita robo saa Mahmoud mweka hazina akaniandikia kuniuliza eti nimepatwa na nini. Kwa hiyo grupu nimejitoa, na barua hii nitaipenyeza mwenyewe chini ya mlango wa duka lako kesho kabla hujafungua. Isome peke yako.

Basi nikwambie wazi: sichangii. Si leo, si mwisho wa mwezi, wala usinitumie tena ile sauti yako ya kuanza na bismillahi na kumalizia na namba ya akaunti.

Nyumba yenyewe naijua kuliko unavyoihubiri. Vyumba vinne, choo kimoja, na ua wa nyuma usiokosa magodoro yaliyoanikwa. Kila mtoto wa Makunduchi aliyeshuka kwenye basi pale Park Station tangu 2004 amelala mle mpaka alipopata pa kujishikiza. Tunaiita Chuo, na tuliokwishatoka tunajiita wahitimu, tena kwa kiburi, kana kwamba kulala watu wanane chumba kimoja ni shahada. Sasa bibi wa Kireno mwenye nyumba anataka kuiuza akaishi na mwanawe, ametupa mpaka mwisho wa mwezi, na wewe umewainua wahitimu wote, wa hapa, wa Durban, hadi waliokwishahamia Uingereza, wachange tuinunue. Najua kwamba mna vijana kumi na mmoja ndani hivi sasa na wakitolewa watatapakaa. Yote nayajua, usinieleze tena.

Lakini ulivyoniandama wewe, bwana we! Ulianza kwa kuweka majina kwenye grupu, waliotoa kwa kijani, wasiotoa kwa nyekundu, na jina langu likakaa jekundu wiki tano. Ukamtuma Mahmoud na wenzake wawili, wamevaa kanzu zao za Ijumaa, wakanisimamia mezani kwangu mbele ya wateja mpaka mama mmoja wa Kizulu akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia bado. Halafu ikaja ile harusi ya Mayfair, mkeo akamkalia Mwanaasha kati ya wanawake wote, akasema kwamba wapo wanaume waliokula na kulala Chuo bure na leo mifuko yao imeshonwa. Mke wangu akavua bangili aliyopewa na mama yake akaitia kwenye sinia. Alirudi nyumbani analia, ananiuliza nina ugomvi gani na watu wangu. Kaka Ameir, bangili ile irudi. Sitasema mara mbili.

Umeniita bahili. Umeniita mtovu wa fadhila. Umesema mbele ya watu kwamba nimeoa nikajiona. Nimeyameza yote, na ningeendelea kumeza, maana watu wa kwetu tukianza kutukanana mjini kwa watu hatumalizi.

Lililonitoa roho ni ile video. Umesimama mbele ya geti la Chuo, sauti inatetemeka, unawaambia wahitimu kwamba mdogo wako Pandu alivamiwa na wahuni akiwa njiani, kwamba angeifikia tu nyumba hii angesalimika, na kwamba tuinunue ili mtoto wetu mwingine asije akakosa pa kukimbilia. Kisha ukatangaza kwamba pale getini patawekwa kibao chenye jina lake. Watu wamelia. Nasikia michango ya siku ile moja ilishinda ya mwezi mzima. Mimi nilizima simu.

Macho makavu yale umeyatoa wapi? Mbona hukuwaambia alikuwa njiani akitokea wapi, na nani aliyempeleka huko? Wahitimu wanajua, ndiyo, kwa sababu kila mmoja wao alipitishwa mtihani. Siku ya nane tangu afike, kuruta anapelekwa Marshalltown asubuhi, ananyang'anywa simu, anaachwa bila senti, arudi La Rochelle kwa miguu akiuliza njia kwa lugha asiyoijua. Na hata akiwahi vipi, geti halifunguliwi kabla ya maghrib. Akiwahi, azunguke. Eti ndiyo auzoee mji. Wewe ulipitishwa, mimi nilipitishwa, na tukawapitisha wengine tukicheka mpaka mbavu zinauma.

Siku ya nane ya Pandu iliangukia katika ile Aprili ya 2015, wiki ambayo wageni walikuwa wakipigwa, maduka yanavunjwa, na redio haina habari nyingine. Nilikufuata dukani kwako. Nilikuomba tuahirishe. Ulinijibu kwamba mdogo wako hatapendelewa, kwamba ukimsamehe yeye watu watasema mwenyekiti anabagua, na kwamba mjini kati polisi wamejaa, hapana kitakachotokea. Ulikuwa unapanga mabegi rafuni, hata hukunigeukia. Nikanyamaza, kwa kuwa wewe ndiye mwenyekiti na mimi nilikuwa mshika ufunguo tu. Asubuhi yake mimi na Mahmoud tukamshusha Pandu mjini. Simu yake niliichukua mimi mwenyewe, nikamtania kwamba akipotea asije akatokea Zimbabwe. Alicheka. Alikuwa na miaka ishirini, na viatu alivyovaa vilikuwa vyangu.

Kwa hiyo nimekuchukia, Kaka. Sikufichi. Miaka mitatu na zaidi nimekuchukia, nakupa mkono msikitini na ndani nasema wewe ndiye uliyemtuma. Chuki hiyo imenifaa sana, maana kila nilipokutazama wewe sikulazimika kujitazama mimi. Sasa kaa kitako, na kama kuna mteja dukani mwambie arudi baadaye.

Pandu aliifikia nyumba.

Alifika saa kumi na robo. Vijana wengine walikuwa makazini, mimi peke yangu jikoni nakaanga viazi. Alipiga hodi, nikatoka mpaka kwenye geti. Unalijua lile geti, bati tupu kutoka juu hadi chini, sikumwona wala hakuniona, lakini sauti niliijua. Aliniambia nimfungulie. Nikamwambia maghrib bado, kuruta, azunguke. Akasema kuna watu wanamfuata tangu kwenye robot ya juu, zile taa za barabarani. Kaka, kila kuruta husema hivyo! Mimi mwenyewe siku yangu nilisema nina polisi nyuma yangu, na wewe, uliyekuwa na ufunguo wakati ule, ulinijibu niwakaribishe chai. Basi nami nikacheka, nikamwambia Pandu awakaribishe chai.

Akapiga hodi tena. Akaligonga bati kwa kiganja kizima, mara tatu, akaniita Shehe, akaniita kwa jina la mama yangu. Sauti ilikuwa imebadilika. Nilisikia imebadilika, nisikudanganye. Nikajiambia huyu anajua kuigiza, na nikimfungulia kabla ya wakati nitachekwa mimi, na wewe utanivua ufunguo. Kisha nikasikia viatu vinakimbia kuelekea barabara kubwa, na baada yake viatu vingine, vingi. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nikarudi jikoni kwa sababu viazi vilikuwa vinaungua.

Walipomwokota kwenye kile kituo cha mafuta, mitaa miwili kutoka kwetu, jicho limekwenda na kichwa kimepasuka, kila mtu alidhani alikuwa ndiyo kwanza anakuja. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nami sikusema. Nilifikiri nitasema kesho yake, halafu nikafikiri nitasema akipata nafuu, halafu ikawa tayari watu wana hadithi yao na imekaa vizuri. Wewe ulikaa sakafuni pale hospitali ukilia kwamba angefika tu nyumbani, angefika tu, na mimi nilikushika bega nikikwambia ni mapenzi ya Mungu. Astaghfirullah. Nilimsingizia Mungu kitu nilichokifanya mimi.

Na Pandu anajua. Siku alipoanza kusema, wewe ulitoka kwenda kununua chai, akanigeukia kwa jicho lililobaki, akaniambia kwamba alinisikia nikicheka. Nikaanza kulia. Akaniambia ninyamaze, unarudi. Alisema hatakwambia, kwa sababu aliyemtoa ni kaka yake na aliyemfungia ni mimi, na ukiyajua yote mawili kwa pamoja utabaki na nani katika mji huu. Polisi walipokuja akawaambia hakumbuki kitu. Ulikuwepo, ulisikia, ukamshukuru Mungu kwamba amesahau.

Tangu mlipompandisha ndege kurudi kwetu, kila Idi ananipigia simu kutoka kwa mama yenu. Ule mkono wa kulia haushiki, kwa hiyo simu anaiweka juu ya mto na kuinamia. Ananitakia heri, anamuulizia Mwanaasha, anamuulizia mtoto. Neno la siku ile halitaji. Wallahi angenitukana ningepata usingizi.

Ndiyo maana sichangii. Nitoe pesa yangu ninunue geti lile liwe letu milele, na jina lake juu yake, watu wapige picha? Siwezi. Na hata ukiniweka nyekundu mpaka Kiyama, siwezi. Nyumba nunueni, vijana wanataka pa kulala, sina dua mbaya juu yao. Lakini jina la Pandu usiliuze bila kumuuliza mwenyewe. Mpigie leo. Muulize alifika wapi siku ile, na umpe muda wa kujibu, usimkatishe kama unavyotukatisha sote. Akishakwambia, utaamua mwenyewe kama kibao kinawekwa na kinaandikwa nini.

Jambo la pili, huo mtihani ufutwe. Nimesikia yule kijana aliyekuja mwezi uliopita naye alipelekwa mjini, tena na nyinyi mnaolia kwenye video. Hamkomi? Usipoufuta mbele ya wahitimu Jumapili, nitasimama niwasimulie mimi, kuanzia kwenye duka lako na mabegi yako mpaka kwenye viazi vyangu, sitaacha hata chembe.

Nimekasirika tangu mwanzo wa barua hii na sasa nimechoka. Ulinipokea nilipofika bila hata koti. Ulinifundisha kununua kwa jumla, ulinisimamia harusi yangu. Nilipokuwa nakuchukia nilikuwa nakukumbuka kwa hayo, na ndiyo yaliyonifunga mdomo zaidi kuliko woga. Naona haya, Kaka Ameir. Sina neno jingine la kuliita.

Jumapili mnakutana Chuoni baada ya adhuhuri. Nitakuja. Ukitaka kunipiga mbele ya watu, nipige. Ukitaka kuwaita polisi, waite, nitapanda gari lao mwenyewe bila kushikwa. Nitasimama nje ya geti tangu mnapoanza mpaka mnapomaliza, na kama hutaki kunifungulia usinifungulie. Hodi sitapiga.

Nisalimie shemeji na watoto, na Mahmoud pia, ingawa salamu zangu sijui atazipokeaje. Mwanaasha angekusalimu sana lakini hajui kama nimekuandikia wala hajui kilichomo humu. Nitamwambia leo tukishakula, kabla hajasikia kwa mwingine. Mama yenu ukizungumza naye, salamu zangu usimpe kwanza. Ngoja mpaka umeongea na mwanawe.

Ni mimi mdogo wako, kama bado utakubali niitwe hivyo,

Shehe