Mlio wa Gari ya Sauti

Jumatatu, tarehe 5 mwezi wa tatu, 1956

Leo tena nimesugua bujis zote sita, zile plagi za injini. Nimezirudisha. Nimewasha injini, nikafungua spika ya kutangazia. Ikatoa mlio uleule. Nikikanyaga mafuta, unapanda. Nikiachia, unashuka. Kama mbwa aliyebanwa mkia mlangoni.

Siku ya nne niko chini ya gari hii ya matibabu. Wiki mbili zilizopita ilikwenda Pangi kuita watu wachanjwe ndui. Mwalimu Sumaili, mtangazaji wetu, aliongea mpaka koo likakauka. Hakuna aliyeshika neno. Walisikia mlio tu, wakasema serikali imekuja kukamata watu wa kazi ya barabara. Wakaingia porini na watoto wao. Dada yangu Mwamini pia, na binti zake wawili.

Kuzima injini haiwezekani. Batri imechoka. Bila injini, spika inakufa kabla Sumaili hajamaliza salamu.

Jumanne, tarehe 6

Nimetoa mkanda wa dinamo. Mlio ukafa. Nikaruka kwa furaha: njo dinamo, ndiyo yenyewe! Nikaazima dinamo ya lori jingine, nikaifunga. Mlio ukarudi mzima.

Basi dinamo si mgonjwa. Sijui tena nani mgonjwa. Labda mimi.

Sikula.

Jumatano, tarehe 7

Dereva aliyetoka Pangi amekuja karakana kunitafuta. Alisimama mbali kidogo, kofia mkononi. Nikajua.

"Fundi Ramazani, dada yako ametoka porini. Mutoto wake, Zaina, iko na homa. Vipele vimejaa uso."

Zaina ana miaka saba. Anacheka kwa pua.

Mchana Munganga alipita, yule daktari mzungu. Hakunitukana. Angenitukana ingekuwa afadhali. Alisema kama Ijumaa gari bado haisemi, atatuma askari wakalete watu. Askari! Watu watakimbia mbali zaidi, na ndui watakimbia nayo. Nilitaka kumwambia. Nikarudi chini ya gari.

Alhamisi, tarehe 8

Mvua tangu asubuhi. Nimehamisha waya wa spika mbali na injini. Bure. Nimebadilisha waya za bujis. Bure. Nimerusha spana ukutani. Nimelia ndani ya shimo la karakana, mimi mtu mzima na ndevu zangu.

Kisha, kwa kukosa la kufanya, nikachukua kipande cha waya, nikaunga sanduku la kukuza sauti, lililofungwa sakafuni mwa gari, na masi ya batri, ile ncha inayoshikana na chuma cha gari, moja kwa moja. Kimya. Injini inanguruma, spika kimya. Sumaili akashika maikro ya kusemea, akasema, "Moja, mbili." Watu barabarani wakageuka.

Basi sanduku lilikuwa halishiki chuma cha gari. Nikafungua bolti yake. Chini kuna rangi. Ya kijani, nene, safi kabisa. Umeme haupiti kwenye rangi.

Rangi hiyo niliipaka mimi. Mwezi wa kwanza, nilipoambiwa nirembeshe gari. Nilitoa sanduku, nikapaka sakafu yote, nikalirudisha bila kukwangua mahali pa bolti. Nikasifiwa.

Leo nimekwangua mpaka chuma kikang'aa. Nikarudisha bolti.

Ijumaa, tarehe 9

Sumaili alinishika mkono mlangoni pa Munganga. "Nyamaza, ndugu yangu. Gari imepona. Nani atauliza?"

Niliingia. Nilisema yote. Munganga alinitazama sana. "Kwa nini unaniambia?"

"Sababu watu walikimbia, Munganga. Haikuwa ujinga wao. Njo ujinga wangu. Usitume askari."

Alisema askari wangoje kwanza. Akasema nipande gari niende nayo. Mambo ya kazi yangu, tutayaona nikirudi.

Swala ya Ijumaa imenipita njiani.

Jumamosi, tarehe 10

Pangi. Sauti ya Sumaili ilienda safi mpaka mashambani. "Baba, mama, si kodi. Si kazi ya barabara. Njo dawa ya ndui. Leteni watoto."

Kwanza hakuna mtu. Halafu wanawake wawili, wamesimama ukingoni mwa pori. Halafu njia ikajaa.

Mwamini alikuja amebeba binti yake mdogo, Sifa. Huyo peke yake.

Zaina walimzika Alhamisi. Mvua ilikuwa inanyesha.

Jumapili, tarehe 11

Nimemwambia Mwamini. Rangi, bolti, yote. Mambo ya bolti hakuelewa. Mimi alinielewa.

Alimshusha Sifa mgongoni. Kisha akasema, "Kaka, usiniambie mara ya pili." Akaingia ndani.

Muuguzi wa gari yetu anasema labda hata siku gari ilipokuja mara ya kwanza Zaina alikuwa na ndui tayari. Labda. Neno hilo halinisaidii. Ningependa linisaidie.

Jumatatu, tarehe 12

Mkono wa Sifa umevimba pale alipochanjwa. Muuguzi anasema njo vizuri, chanjo inaanza kushika. Amelala mapajani mwangu asubuhi nzima. Sikusogea. Mguu ulikufa ganzi.

Saa nne gari inaondoka kwenda Kampene kuchanja watu wa huko, na mimi nimo. Mwamini hakuniaga. Alinipa muhogo wa kuchemsha ndani ya jani la mgomba, akarudi kufagia kiwanja. Bado wa moto.